Jiwe Lililotoboa Bati la Sadoki

Ukiokota jiwe ukadhani ni kimondo, usilioshe. Usiligonge kwa nyundo ili uone ndani, usilitie motoni, wala usilisugue kwa brashi ya waya ling'ae upate picha nzuri. Lifunge kwenye kitambaa kikavu, weka alama pale ulipolikuta, kisha njoo nalo. Hapa Kasulu mjini ukimuulizia Leokadia huenda watu wakakushangaa. Ulizia Mama Mawe.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu juzi dereva mmoja wa bodaboda aliniletea jiwe linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Alikuwa amelipaka mafuta ya kupikia. "Bibi, nimelifanyia sevisi kabisa," akaniambia. Nilicheka mpaka miwani ikataka kuanguka. Lilikuwa jiwe jekundu la barabarani, lile lile linalomwagwa na malori kila kiangazi, kwa hiyo mafuta hayakumdhuru mtu. Lingekuwa la kutoka juu angekuwa ameliharibu. Vimondo vingi vina chuma ndani, na chuma na maji havijawahi kuelewana. Ukiosha leo, baada ya muda unabaki na kutu mkononi.

Mimi nilikuwa fundi sanifu katika ofisi ya madini. Nilikata mawe kwa msumeno, nikayasugua mpaka yakawa laini kama kioo, nikayatazama, nikayabandika lebo. Wajiolojia walikwenda porini wakarudi na magunia, na mimi na mwalimu wangu, Fundi Maganga, ndio tulioyafungua. Maganga alikuwa Msukuma mrefu mwenye sauti ndogo. Siku yangu ya kwanza kazini alinipa jiwe akaniambia nimweleze ninachoona. Nikajibu haraka haraka, maana nilitoka chuoni na alama nzuri, "Ni granaiti."

"Sijakuuliza jina lake," akasema. "Nimekuuliza unaona nini."

Nililitazama lile jiwe mpaka wenzangu wakaenda kula wakarudi. Mwisho nikaanza kusema: naona punje nyeupe, naona nyingine za waridi, naona vipande vyeusi vinavyometa kama magamba ya samaki. Akaitikia kwa kichwa, akanipa jiwe la pili.

Huyo huyo Maganga ndiye aliyebeba mavi ya chuma begani kutoka Kumsenga. Mnajua babu zetu Waha walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, na walipomaliza waliacha mabaki meusi mazito ambayo mpaka leo jembe linayafukua mashambani. Maganga aliliona bonge moja kule Kumsenga, wilayani Kibondo, jeusi, zito, linanasa sumaku. Akaamini ni kimondo. Gari lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto, basi akalibeba mwenyewe, kapanda kilima, kashuka kilima, shati limelowa, na kila aliyejitolea kumpokea alikatazwa. Tulipolirudisha ofisini nikaliweka kwenye msumeno. Likafunguka, na ndani lilikuwa na vitundu vya mapovu kila mahali.

"Mkate," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo lile bonge likawa la kuzuia mlango wa ofisi yetu, na kila mtu aliyeleta jiwe akisema ni kimondo aliambiwa kwanza ainame aangalie mlango. Kwa hiyo ukiona vitundu kama vya andazi lililoumuka, kata tamaa mapema. Ukiona vipande vyeupe vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika, vile vya kwatzi, kata tamaa pia. Na ukilisugua jiwe nyuma ya kigae cha bafuni, upande usio na rangi, likaacha mstari mwekundu kama udongo wa Kasulu, hilo ni jiwe la chuma la hapa hapa duniani. Sumaku peke yake isikudanganye. Sumaku inapenda vitu vingi.

Sasa nitawaazima macho yangu. Jiwe linapoingia kwenye hewa yetu kwa kasi ile kubwa, ngozi yake inayeyuka na kupeperushwa. Inayobaki mwishoni inaganda kuwa tabaka jembamba jeusi. Sisi tuliliita ukoko, na sijaona neno bora. Fikiria ukoko wa ugali: mwembamba, umeshikamana na kilicho chini yake, lakini rangi ni nyingine kabisa. Kwenye kimondo kipya ukoko ni mweusi kama masizi, na ukibahatika utaona michirizi midogo kama nta ya mshumaa ilivyotiririka. Kona zake zimelainika. Kikikaa miaka mvuani, ule weusi unageuka kahawia na mtu asiyejua anapita.

Mkisikia kimondo wengi mnakumbuka kile cha Mbozi, bonge la chuma. Hivyo vya chuma vina mabonyeo juu yake, kama donge la udongo lililobinywa kwa vidole gumba, na uzito wake unakushtua mkono. Ukikata, ukasugua, ukapaka tindikali kidogo, inajitokeza mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Mara ya kwanza kuiona nilimwita Maganga kwa kelele nikidhani nimeharibu sampuli. Hakuna fundi duniani anayeweza kuisuka ile mistari, kwa sababu chuma kile kilipoa polepole mno, muda mrefu kuliko tunavyoweza kufikiria.

Vinavyoanguka zaidi, hata hivyo, ni vya mawe. Hivyo ndivyo mtakavyoviona, kama mtaviona. Ukikuta kimevunjika kona, chungulia: ndani ni kijivu, na mara nyingi kuna punje za duara ndogo ndogo, kama mtu aliyekoroga ulezi kwenye saruji, na kati yake vumbi la chuma linalometameta ukiligeuza juani. Punje zile za ulezi hazipatikani katika jiwe lolote la hapa chini. Vipo vichache visivyo na punje, ukoko wake unang'aa kama umepakwa vanishi na ndani vimepauka. Hivyo ni vigumu kuvitambua, viliwahi kuwatoa jasho watu wenye elimu kunizidi mara kumi, na mimi pia. Na vipo vya mchanganyiko, chuma chenye vito vya kijani na njano ndani yake. Nilishika kimoja mara moja tu, kipande kilicholetwa kutoka nje ya nchi. Nilikiinua dirishani na mwanga ukapita kama kwenye asali ya Kibondo. Sikutaka kukirudisha.

Siku hizi vijana wa ofisini wana kifaa cha mkononi, wanakielekeza kwenye jiwe kinawasomea metali zilizomo. Nakipenda, kingeniokolea miaka. Lakini kifaa hakikuambii uliokote jiwe lipi kati ya elfu. Hapo bado ni macho.

Na kazi hii ina watu. Kuna baba mmoja kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongomani anayeuza vitenge, aliniletea jiwe alilovuka nalo ziwa, limefungwa kwenye shati. Baba yake alimwambia lilitoka mbinguni. Nikalitazama kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji, kwa sababu niliona uso wake. Kigae kilitoa mstari mwekundu.

"Mama, sema kweli," akaniambia. "Iko ya juu, ao iko ya chini?"

"Ni la chini, baba. Nisamehe."

Akalifunga tena taratibu. "Bon. Haina problème. Iko ya papa yangu. Itabakia ya papa." Akanishukuru, akaondoka nalo limekumbatiwa vile vile. Msiwe wepesi wa kusema "hili si kitu". Semeni, "hili si kimondo." Hayo ni maneno mawili tofauti.

Lakini mnachoniuliza kila mara ni habari ya kijiji cha Kitanga, na nitaisimulia ilivyokuwa, maana nasikia siku hizi inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu, nipo likizo hapa Kasulu, kiangazi kimekauka kabisa. Nikapigiwa simu na polisi. Alikuwa sajenti wa kike, Afande Neema.

"Shikamoo mama. Nina jiwe hapa mezani, ni kielelezo cha kesi, na silielewi. Nje jeusi, ndani kama saruji. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa mawe."

"Marahaba mwanangu. Umelishika kwa mkono mtupu?"

"Nimelishika kwa gazeti."

Nikajua tutaelewana.

Kabla hajakata simu alinipa kisa chote. Kitanga kulikuwa na majirani wawili, Sadoki na Gervas, mashamba yao yametenganishwa na safu ya migomba. Wiki ile mbuzi wa Gervas walikuwa wameingia kwenye maharage ya Sadoki, wakatukanana mbele ya watu, na Gervas akamalizia kwa neno moja baya: "Utaona." Haikupita siku nyingi. Mke wa Sadoki, Domisiana, alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Akanyanyuka kufuata chumvi. Akasikia mshindo mkubwa, bati likachanika, na alipogeuka kigoda kilikuwa vipande viwili na jiwe liko katikati.

Sadoki alikuwa uani. Akatazama ng'ambo ya migomba akamwona Gervas amesimama, mikono kichwani, anaangalia juu.

"Umeniulia mke!" akapiga kelele, kabla hajaingia kuona kwamba Domisiana yu mzima.

Gervas alijitetea kwamba alisikia ngurumo bila wingu, ndiyo maana alitazama juu. Nani angemsikiliza, na kila mtu alilisikia lile "utaona"? Akapelekwa mahabusu. Na vijana wa nyumba zote mbili wakaanza kutembea na mapanga mchana kweupe. Hilo ndilo lililomnyima Afande Neema raha.

Nilipofika kituoni, Sadoki alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nikafungua lile gazeti. Wanangu, nililijua kabla sijatoa kioo changu cha kukuzia. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi mbili, ukoko mweusi uliofifia, michirizi imetoka sehemu moja kama pua na kusambaa nyuma. Kona moja ilivunjika lilipogonga, na ndani mle nikaona punje za ulezi, nikaona vumbi la chuma likimeta. Nilikaa miaka yote ile nikisubiri kulishika moja likiwa bichi namna ile. Nikajizuia nisitabasamu, kwa ajili ya yule mzee.

"Afande, hili halijarushwa na mtu," nikasema. "Ni kimondo."

Sadoki akainuka. "Mama, wewe ugomvi wetu huujui. Mke wangu alilishika pale pale. Lilikuwa baridi! Kitu kinachotoka juu kinawaka moto, kinafikaje baridi?"

Lilikuwa swali zuri, na nikamwambia hivyo. "Mzee, ukichukua nyama iliyoganda barafu ukaitumbukiza kwenye mafuta ya moto ukaitoa mara moja, itakuwaje? Nje imeungua, ndani bado barafu. Jiwe hili limekaa kwenye baridi kali tangu dahari. Moto wake ni wa muda mfupi, tena huko juu kabisa. Mke wako angesema limemuunguza, mimi ningeshuku."

"Hayo ni maneno ya ofisini," akasema. "Alikuwa amekaa pale. Angekuwa amekaa pale..."

Nikaelewa kwamba mtu huyu hakuhitaji somo. Alihitaji mtu wa kumkasirikia, na ukimnyang'anya huyo lazima umpe kitu kingine. Nikageuza tena jiwe. Upande mmoja ulikuwa bapa, na ukoko wake ulikuwa mwembamba kuliko pande nyingine, wa kahawia, bila michirizi. Maana yake lilipasuka likiwa bado juu, likaendelea kuungua kidogo tu baada ya hapo. Na jiwe likipasuka halibaki peke yake.

"Lina ndugu," nikasema. "Twendeni nyumbani kwako nikaone tundu."

Domisiana alitupokea kwa utulivu kuliko wote. "Chumvi ndiyo imeniokoa," akasema. "Sitaipunguza tena kwenye chakula." Nikapanda ngazi. Kingo za bati zilikuwa zimeingia ndani, na kenchi moja imemenyeka. Tundu lilikuwa upande wa paa unaoelekea mbali na kwa Gervas. Nikanyoosha kamba kutoka kwenye tundu mpaka pale kigoda kilipokuwa. Ilikuwa karibu wima, imelala kidogo tu, ikionyesha jiwe lilitokea upande wa Kabanga likielekea bondeni. Na mawe mazito huruka mbali kuliko mepesi. Nikashuka, nikasema mbele ya watu wote waliojaa uani, wa pande zote mbili, kwamba kuna jiwe jingine, kubwa kuliko hili, na liko mbele kwenye mstari ule, kule bondeni.

Afande Neema akanivuta kando. "Mama, tusipolipata?"

"Tutalipata."

Kuhusu jiwe nilikuwa na uhakika. Ardhi ndiyo sikuwa na uhakika nayo, lakini hilo sikumwambia.

Tukawapanga watu safu moja, mkono kwa mkono, watu wa Sadoki wamechanganyika na watu wa Gervas, mapanga yamebaki kwa afande. Niliwaambia watafute jeusi lisilo na kona kali, na udongo uliochimbuka upya. Wakaniletea mkaa. Wakaniletea kinyesi cha mbuzi kilichokauka, na kila mbuzi alipotajwa watu walitazamana. Mtu mmoja alileta betri ya redio kwa furaha kubwa. Jua likapanda, watu wakachoka, na nikamsikia mdogo wake Gervas akinong'ona, "Huyu mama anatupotezea wakati, na kaka yuko ndani."

Ndipo nikamwona Sadoki. Alikuwa amejitenga pembeni ya shamba la mihogo la mtu mwingine, amesimama kabisa, anatazama chini. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Kisha akasogeza mguu mmoja mbele, taratibu, akakanyaga.

Nilijua ameona nini. Udongo ule ulikuwa laini. Kukanyaga mara mbili tu kungetosha kulifukia jiwe, na kesi yake ingebaki. Ningeweza kuita. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikanyamaza, maana nikimwita ningekuwa nimemfanya mwizi mbele ya ukoo wake, na Kitanga ingepata ugomvi wa pili. Nikasimama nikamtazama, na kusema kweli sijawahi kulisubiri jiwe lolote kama nilivyomsubiri yule mzee.

Akauondoa mguu. Akavua kofia.

"Mama Mawe!" akaita. "Njoo uone! Njooni wote!"

Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, nusu limezama, ukoko mweusi ti. Nikapiga magoti. Lilikuwa na upande mmoja bapa, wenye ukoko mwembamba wa kahawia. Nikaweka lile la kwanza ubavuni mwake. Hayakufungana sawasawa, kuna kipande kati yao kilichopotelea hewani, lakini punje zilikuwa zile zile na rangi ile ile, hata mtoto angesema ni ndugu. Watu wakajipanga kuangalia kwa kioo changu, mmoja mmoja, na yule mdogo wake Gervas alipoinua kichwa alisema "Imana we!", Mungu wangu, akarudi nyuma ya foleni aangalie tena. Baadaye wenzangu wa maabara waliyakata na kuthibitisha, na yako kwenye hifadhi ya serikali mpaka leo. Siku ile hatukungoja maabara.

Jua lilikuwa limeinama tuliporudi kituoni. Afande Neema akamketisha Sadoki, akachukua kalamu, akamuuliza kama mlalamikaji ana la kusema.

Sadoki alikunja na kukunjua kofia.

"Mfungulie," akasema. "Aliyelirusha hili mimi simwezi."

Afande aliinamisha uso kwenye karatasi, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko, kisha akachukua funguo. Gervas akatoka bila viatu, anafumba macho kwa mwanga. Alituona wote tumesimama, akamwona na Sadoki, akasita mlangoni. Sadoki akamwendea. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyofanya kwa mtu tunayemheshimu.

"Mwakeye," akamwambia.

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na ilikuwa jioni. Gervas alimtazama, akatazama lile jua lililokuwa likizama, na uso wake ukalegea.

"Mwidiwe," akamsahihisha, akaupokea mkono.